Kalamu Ikifupisha, Ulimi Ukamilishe

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, siku moja baada ya swala ya alasiri nilikuwa nimekaa na watoto wa madrasa wakisoma kwa zamu karatasi ya Sira niliyowagawia. Zamu ikamfikia kijana wa miaka tisa hivi, msomaji hodari mwenye sauti ya kusikika. Akasoma bila ya kusita: “Mtume Muhammad sawa alizaliwa Makka. Mtume Muhammad sawa alilelewa yatima.” Nikamsimamisha, nikamuuliza: “Hilo sawa ni neno gani, mwanangu?” Akajibu kwa adabu na kwa yakini: “Ustadhi, maana yake Mtume yuko sawa, hana kosa.”

Nikawatazama wenzake nikitaraji wacheke. Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wakisoma vivyo hivyo, na wote waliridhika na tafsiri ya mwenzao. Nikaichukua ile karatasi nikaitazama. Palikuwa pameandikwa “S.A.W.” karibu katika kila mstari, na mwandiko ulikuwa wangu mimi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiri juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalipita bila ya kulitazama, nalo ni vifupisho: herufi chache zinazosimama mahali pa maneno mengi. Si jambo geni katika dini yetu. Elimu zetu zimejaa vifupisho vya kila namna, vingine vya ajabu kwa msikilizaji asiyevizoea. Lakini wanazuoni waliovitumia walikuwa na adabu yake, na adabu hiyo ndiyo tuliyoipoteza. Makala hii inakusudia kuikumbusha, kwa kuanzia na nafsi ya mwandishi.

Waarabu, wachongaji wa maneno

Waarabu wana mlango katika lugha yao unaoitwa an-naht, yaani uchongaji. Seremala huchukua gogo akalichonga likawa mlango, na Mwarabu huchukua sentensi nzima akaichonga ikawa neno moja. Kutokana na Bismillahi amepata neno basmala. Kutokana na Alhamdulillahi amepata hamdala. Kutokana na La hawla wa la quwwata illa billahi amepata hawqala, na wengine husema hawlaqa. Na kutokana na wito wa mwadhini, Hayya 'ala s-swalah, amepata hay'ala.

Uchongaji huu ni wa zamani. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, aliyeishi Basra katika karne ya 2 Hijria na ambaye kamusi ya kwanza kubwa ya Kiarabu, Kitab al-'Ayn, inanasibishwa naye, alilitaja neno hay'ala. Alieleza kuwa herufi 'ayn na haa hazikutani katika shina moja la Kiarabu isipokuwa pale neno linapokuwa limechongwa kutokana na maneno mawili. Baada yake Ibn Faris, aliyefariki mwaka 395 Hijria (1004 Miladia), alikwenda mbali zaidi, akaona kuwa maneno mengi ya Kiarabu yenye herufi zaidi ya tatu asili yake ni uchongaji wa namna hii. Hata makabila yalichongwa: mtu wa ukoo wa Abd Shams akaitwa 'Abshami, na wa Abd ad-Dar akaitwa 'Abdari.

Sasa tazama faida yake. Mwanafikihi anaweza kuandika kwa maneno matatu tu kwamba hay'ala hujibiwa kwa hawqala, na mwanafunzi akafahamu kuwa mwadhini anapoita kwenye swala na kwenye kufaulu, msikilizaji husema kuwa hapana hila wala nguvu ila kwa Mwenyezi Mungu. Hukumu nzima imekaa katika nusu ya mstari. Lakini je, ndugu msomaji, umepata kumsikia Muislamu yeyote, alimu au mjinga, akimsikia mwadhini kisha akanyanyua sauti yake akasema “hawqala”? Hapana. Neno lililochongwa ni jina la dhikri, wala si dhikri yenyewe. Tunalitumia tunapozungumza juu ya tendo, na tunapofika kwenye tendo tunaliacha neno na kuitamka dhikri kwa ukamilifu wake. Hii ndiyo adabu ya kwanza.

Neno lililobeba herufi kumi

Namna ya pili ya vifupisho vyetu ni ile ya kukusanya herufi zilizotawanyika katika neno moja linalotamkika, ili mwanafunzi azihifadhi. Kila mtoto aliyekaa madrasa anaijua. Herufi za idghamu ni sita, nazo zimekusanywa katika neno yarmaluna: yaa, raa, mim, lam, waw na nun. Herufi za qalqala ni tano, zimekusanywa katika qutbu jad: qaf, twaa, baa, jim na dal. Wala hatumwambii mtoto atafute maana ya neno hilo katika kamusi. Kazi yake ni kuwa kikapu tu.

Wanasarufi wana kisa wanachokisimulia katika mlango huu. Mwanafunzi alimwendea shekhe wake akamuuliza ni zipi herufi zinazoweza kuongezwa juu ya asili ya neno la Kiarabu. Shekhe akamjibu: “Sa'altumuniha,” yaani, mmekwisha kuniuliza. Mwanafunzi akasema: “Wallahi, hatujakuuliza kabla ya leo.” Shekhe akasema: “Al-yawma tansahu,” yaani, leo utalisahau. Mwanafunzi akaapa kuwa hatasahau. Ndipo shekhe akamwambia: “Nimekujibu mara mbili nawe hukutambua.” Kwani herufi hizo ni kumi, na zote kumi zimo ndani ya sa'altumuniha, na zote zimo tena ndani ya al-yawma tansahu.

Kisa hiki hutuchekesha, lakini ndani yake mna somo kwa walimu. Shekhe alitoa jibu sahihi mara mbili, na mwanafunzi hakupata kitu, kwa sababu hakuwa na ufunguo. Kifupisho bila ya ufunguo ni kama sanduku lililofungwa: aliyelitia mali ndani anajua kilichomo, na aliyekabidhiwa anabeba uzito tu. Tofauti ni kwamba shekhe yule hakumwacha mwanafunzi aondoke na sanduku lililofungwa. Alimfungulia papo hapo. Mimi niliwaacha wanafunzi wangu waondoke nalo mwaka mzima.

Ramzi za watu wa Hadithi

Waliotumia vifupisho kwa wingi kuliko wote ni watu wa Hadithi. Mwandishi wa Hadithi alikuwa akikariri maneno haddathana na akhbarana, yaani “ametuhadithia” na “ametupa habari”, mara elfu kwa elfu. Karatasi ilikuwa ghali na mkono ulikuwa ukichoka. Basi wakaifupisha haddathana ikawa thana, au na peke yake, na akhbarana ikawa ana. Pale mwandishi anapotoka katika mlolongo mmoja wa wapokezi na kuingia katika mwingine, aliweka herufi moja tu, haa. Na neno qala, “amesema”, mara nyingi waliliacha lisiandikwe kabisa.

Lakini sikiliza walivyosoma. Ibn as-Swalah, aliyefariki mwaka 643 Hijria (1245 Miladia), ametaja katika kitabu chake mashuhuri cha elimu ya Hadithi kwamba lile qala lililoachwa katika maandishi msomaji hana budi kulitamka. Na anayekuta thana husoma haddathana. Kalamu ilipewa ruhusa ya kufupisha, ulimi haukupewa. Hiyo ndiyo adabu ya pili: kilichoandikwa kifupi husomwa kirefu.

Baadaye wakaja wenye kukusanya Hadithi za vitabu vingi mahali pamoja. As-Suyuti, aliyefariki mwaka 911 Hijria (1505 Miladia), alikusanya katika al-Jami' as-Swaghir Hadithi zaidi ya 10,000, na kwa kila Hadithi akaweka ramzi ya aliyeipokea. Khaa ni al-Bukhari, mim ni Muslim, qaf ni wote wawili wakiafikiana. Tarakimu 4 ni wenye Sunan nne, na tarakimu 3 ni hao hao isipokuwa Ibn Majah. Ibn Hajar al-'Asqalani, aliyefariki mwaka 852 Hijria (1449 Miladia), alifanya mfano wa hayo kabla yake katika Taqrib at-Tahdhib juu ya majina ya wapokezi. Na wote wawili walianza kwa kukabidhi ufunguo: mwanzoni mwa kitabu, kabla ya msomaji kukutana na ramzi hata moja, waliandika kuwa herufi hii ni fulani na herufi ile ni fulani. Hiyo ndiyo adabu ya tatu.

Pamoja na tahadhari yote hiyo, hatari haikukosekana. Katika al-Jami' as-Swaghir khaa peke yake ni Sahihi ya al-Bukhari. Khaa ikifuatwa na dal ni al-Adab al-Mufrad, kitabu kingine cha Imamu huyo huyo ambacho ndani yake hakuweka sharti aliloliweka katika Sahihi yake. Taa ikifuatwa na khaa ni kitabu chake cha Tarikh. Na khaa ikifuatwa na twaa si al-Bukhari kabisa, bali ni al-Khatib al-Baghdadi. Mnakili akisinzia akaangusha herufi moja, Hadithi inapanda daraja isiyokuwa yake, na khatibu anasimama juu ya mimbari akawaambia watu kwa nia safi: “Ameipokea al-Bukhari katika Sahihi yake.” Al-Munawi, aliyekisherehesha kitabu hicho na kufariki mwaka 1031 Hijria (1622 Miladia), alionya wazi kuwa zile alama za sahihi, hasan na dhaifu zinazopatikana katika baadhi ya nakala hazifai kutegemewa, kwa sababu ya wingi wa makosa ya wanakili.

Ndugu zangu makhatibu, ikiwa mambo haya yaliwapata mabingwa waliotumia umri wao wote kupambana na kosa la herufi moja, sisi tunaonakili Hadithi kutoka katika ujumbe wa simu, pamoja na alama tusizozijua, tuna amani gani?

Kwa nini mtoto alisoma “sawa”

Turudi kwa yule kijana. Hakukosea kwa ujinga. Alifuata kanuni ya lugha yake. Kiswahili hakipendi neno linaloishia na konsonanti, na vifupisho vyetu vingi tumevijenga kwa silabi ili vitamkike kama maneno. Upungufu wa Kinga Mwilini tumeufanya UKIMWI. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, tumelifanya BAKITA. Baraza Kuu la Waislamu wa Tanzania, lililoundwa mwaka 1968, ni BAKWATA. Teknolojia ya Habari na Mawasiliano ni TEKNOHAMA. Mtoto amezoea kuwa herufi kubwa zikipangwa pamoja, huunganishwa na kusomwa kama jina. Akaona S, A na W, akaziunganisha, akaongeza irabu mwishoni kama lugha yake inavyomtaka, akapata “sawa”. Kisha akaitafutia maana, kwa kuwa akili ya mtoto haikubali neno tupu.

Hapa ndipo penye tofauti kubwa, nami naomba msomaji aizingatie. Anayesema UKIMWI bila ya kujua silabi zake zinatokana na nini hakupoteza kitu, kwa sababu alichokihitaji ni jina la maradhi, na jina amelipata. Jina likifupishwa hubakia kuwa jina. Lakini swala na salamu juu ya Mtume ni dua. Ni mja kumwomba Mola wake. Dua ikifupishwa, ikazoeleka, na ufunguo wake ukapotea, huacha kuwa dua ikageuka kuwa sehemu ya jina. Kwa wanafunzi wangu Mtume alikuwa na majina mawili, la pili likiwa Sawa, kama mtu anavyoitwa kwa jina lake na la baba yake. Walilitaja mara thelathini kwa kikao kimoja, na hawakumswalia hata mara moja.

Tuzitazame na herufi zenyewe. Maneno kamili ni Swalla Allahu 'alayhi wa sallam. S ni ya swalla, A ni ya 'alayhi, na W ni ya wa, ambayo kwa Kiswahili ni “na”. Neno sallam, ambalo ndilo salamu yenyewe, halikupata herufi. Tulichokibakisha cha salamu ni kiunganishi chake tu. Na R.A. je? Wako wanaoiandika kwa radhiya Allahu 'anhu ya Masahaba, na wako wanaoiandika kwa rahimahu Allahu ya wanazuoni waliokuja baadaye. Sahaba wa kike, ambaye haki yake ni 'anha, amepewa herufi zile zile za mwanamume. Msomaji mgeni atajuaje?

Wanazuoni walisema nini

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Ahzab, aya ya 56, mambo mawili pamoja: kumswalia Mtume na kumsalimia. Na imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba anayemswalia Mtume, Swalla Allahu 'alayhi wa sallam, mara moja, Mwenyezi Mungu humrehemu mara kumi. At-Tirmidhi naye amepokea Hadithi inayomwita bahili yule ambaye Mtume anatajwa mbele yake naye asimswalie.

Kwa msingi huo Ibn as-Swalah alimuusia mwandishi wa Hadithi asichoke kuandika swala na salamu kila Mtume anapotajwa, hata zikikariri. Akamhadharisha na upungufu wa namna mbili: upungufu wa umbo, nao ni kuziashiria kwa herufi mbili au mfano wake, na upungufu wa maana, nao ni kuandika swala na kuacha salamu. Imamu an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277 Miladia), alisema mfano wa hayo katika utangulizi wa sherehe yake ya Sahihi ya Muslim: ziandikwe zote mbili kwa ukamilifu, bila ya ramzi wala kufupiliza kwenye moja. Na as-Suyuti, yule yule bingwa wa ramzi, aliyeona hapana ubaya kumwashiria al-Bukhari kwa herufi moja, alichukia mtu kuandika swal'am, yaani swad, lam, 'ayn na mim, mahali pa kumswalia Mtume. Alijua kilicho cha kufupishwa na kisichokuwa cha kufupishwa. Na angalieni, hilo swal'am ni ndugu yake “sawa” yetu: Waarabu nao walikusanya herufi, zikawa neno lisilo na maana.

Insafu inatulazimu kutaja na upande wa pili. Ibn as-Swalah ameeleza kuwa katika mwandiko wa Imamu Ahmad bin Hanbal, aliyefariki mwaka 241 Hijria (855 Miladia), zilionekana sehemu ambazo jina la Mtume limeandikwa bila ya swala. Al-Khatib al-Baghdadi akasema kuwa khabari iliyomfikia ni kwamba Imamu alikuwa akimswalia kwa kutamka, bila ya kuandika. Basi hatuwezi kumwambia anayefupisha kuwa ametenda haramu, wala hatuna ruhusa ya kumdhania vibaya. Wako wanazuoni wema wa zama zetu ambao vitabu vyao vimechapwa na vifupisho hivi. Lakini tazama udhuru wa Imamu Ahmad ulisimama juu ya nini: ulimi wake ulilipa deni la kalamu yake. Tatizo letu ni kwamba kalamu imekopa, na ulimi haulipi.

Hali ni hiyo hiyo katika maamkizi. Tunafungua simu tukakuta “A.A.” au “slm”. Katika Suratun Nisaa, aya ya 86, tumeamrishwa kuwa tukiamkiwa tujibu kwa yaliyo bora zaidi au tuyarejeshe hayo hayo. Na Abu Dawud na at-Tirmidhi wamepokea kuwa mtu aliyesema Assalamu 'alaykum alihesabiwa kumi, aliyezidisha wa rahmatullahi akahesabiwa ishirini, na aliyezidisha wa barakatuhu akahesabiwa thelathini. Aliyeletewa “slm” arejeshe kipi? Arejeshe konsonanti tatu? Mtu huyo huyo, baada ya “slm” yake, ataandika mistari kumi ya habari za mpira wa jana, na hatafupisha hata jina la mchezaji.

Namba 786

Imebakia namna moja ya kifupisho, nayo ni ya ajabu kuliko zote, kwani imetoka katika herufi ikaingia katika hesabu. Tunaiona juu ya milango ya maduka, kwenye vioo vya magari, na mwanzoni mwa barua na kadi za harusi, huko India na Pakistan na katika miji yetu ya pwani. Ni namba 786, na waandikao wanakusudia Bismillahi r-Rahmani r-Rahim.

Hesabu yenyewe ni sahihi. Katika mpango wa zamani wa abjadi kila herufi ya Kiarabu ina thamani: alif 1, baa 2, jim 3, mpaka ghayn 1,000. Bismi ni 102, jina la Allah ni 66, ar-Rahman ni 329, ar-Rahim ni 289. Jumla ni 786. Wanahistoria na washairi waliutumia mpango huu kuhifadhi miaka, na hapana ubaya kwa hilo. Lakini je, namba huweza kurudi kuwa neno? Chukua neno lahm, nyama: lam 30, haa 8, mim 40, jumla 78. Chukua milh, chumvi: herufi ni zile zile, jumla 78. Chukua hulm, ndoto: 78. Mtu akikuandikia 78, amekuletea nyama, chumvi au ndoto? Kila neno lina namba yake, lakini namba haina neno lake. Ni njia ya kwenda isiyokuwa na kurudi. Aliyeandika 786 hakuandika jina la Mwenyezi Mungu; ameandika mia saba themanini na sita.

Watasema wenye kuitumia: tunachelea karatasi isije ikatupwa na jina la Mwenyezi Mungu likadhalilika. Hofu hiyo ni njema na inatoka katika moyo wa heshima. Lakini Nabii Sulayman, 'alayhi s-salam, alimwandikia malkia aliyekuwa akisujudia jua, na barua yake ilianza kwa Bismillahi, kama ilivyo katika Suratun Naml, aya ya 30. Na Mtume wetu, Swalla Allahu 'alayhi wa sallam, alimwandikia Heraclius, mfalme wa Warumi, barua iliyoanza kwa Bismillahi kamili, kama alivyopokea al-Bukhari. Barua hizo zilikwenda kwenye mikono ya wasioamini, wala hazikwenda na namba.

Wengine hujitetea kwa herufi zilizo mwanzoni mwa sura 29 za Qur'ani, wakisema kuwa Qur'ani nayo imefupisha. Wengine wamezipigia hesabu herufi hizo wakitafuta miaka na siri. Jawabu ni kuwa wema wengi waliotangulia walisema Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye alichokusudia kwazo. Na ijapokuwa wako waliozifasiri kuwa zinaashiria maneno, hatuna idhini ya kujichongea funguo zetu wenyewe. Kisha tazama zinavyosomwa: zimeandikwa herufi tatu pamoja, lakini hakuna asomaye “alam” mwanzoni mwa Suratul Baqara. Tunasoma Alif, Lam, Mim, kila herufi kwa jina lake kamili na madda yake. At-Tirmidhi amepokea kutoka kwa Ibn Mas'ud, radhiya Allahu 'anhu, kwamba alif ni herufi, lam ni herufi na mim ni herufi, na kila moja ina jema lake linalozidishwa mara kumi. Hata huko, basi, kilichoandikwa kifupi ulimi hukitimiza.

Tufanye nini

Wako watakaosema: nafasi ni ndogo, wino ni ghali, na gazeti lina kurasa chache. Zamani maneno hayo yalikuwa na uzito. Leo kompyuta na simu nyingi zina alama moja, ﷺ, ambayo ndani yake swala na salamu zimeandikwa kwa Kiarabu kamili, bila ya kupungua neno, na inachukua nafasi ndogo kuliko herufi tatu na nukta zake. Asiyejua kuisoma aandikiwe kwa Kiswahili: rehema na amani za Mwenyezi Mungu zimshukie. Hapana aya wala Hadithi inayomlazimisha Mswahili kufupisha Kiarabu kwa herufi za Kirumi.

Kwa hiyo nawausia ndugu zangu walimu, na kabla yao naiusia nafsi yangu. Karatasi za watoto zisiwe na kifupisho cha dhikri hata kimoja, kwani mtoto huamini anachokiona. Vitabu vyenye vifupisho tusivitupe, bali kila mwanzo wa mwaka tuwafundishe wanafunzi ufunguo wake, tuwasikilize wakisoma kwa sauti, wala tusidhani kuwa wanajua. Ndugu makhatibu, msiitaje Hadithi kwa ramzi msiyoihakikisha katika kitabu chenyewe. Wazazi, mkimsikia mtoto akisoma nyumbani, msikilizeni hasa mahali hapo penye herufi tatu. Na tunaoandikiana kwa simu, tuandike Assalamu 'alaykum. Ni maneno mawili tu.

Mimi nilichukua karatasi zile, nikaziandika upya zote kwa mkono, swala na salamu mahali pake, na kazi hiyo ilinichukua siku mbili. Nilipozigawa, yule kijana alisoma polepole kuliko siku ya kwanza, kwa sababu maneno yalikuwa marefu. Alipofika mwisho wa ukurasa aliniuliza: “Ustadhi, na zile tulizosoma mwaka jana, tutazilipaje?”

Sikuwa na jawabu isipokuwa kumwambia tumswalie Mtume pamoja, darasa zima, kwa sauti. Swalla Allahu 'alayhi wa sallam.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tulipokosea kwa kutojua, aturuzuku ndimi zinazotimiza kile ambacho kalamu zimekipunguza, na aifanye elimu yetu kuwa hoja kwetu wala isiwe hoja juu yetu. Wallahu a'lam.